Kafi, Zumari na Barabara ya Kilwa: Mtoto wa Kibiti Achague Kipaji Kimoja au Abebe Viwili?

Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika katika shule za msingi, watoto wa darasa la tatu walikuta somo moja lenye majina mawili: Sanaa na Michezo. Mwalimu yuleyule anatakiwa awafundishe kuimba, kuchora na kuigiza, kisha atoke nao uwanjani. Wakifika sekondari mambo yanageuka. Katika mkondo wa amali, sanaa bunifu zina mlango wake na michezo ina mlango wake. Mzazi wa Nyamisati au Bungu, wilayani Kibiti, mwenye mtoto anayepuliza zumari vizuri na pia anayewaacha wenzake mbali kwenye mbio ndefu, anabaki na swali lisilo na mtu wa kumjibu. Je, mtoto huyu ana bahati mbili, au ana mizigo miwili itakayomwelemea njiani?

Majibu ya mitaani yanapingana. Wapo wanaosema mshika mbili moja humponyoka. Wapo wanaosema pumzi ni ileile, anayeijenga uwanjani ataitumia jukwaani. Na wapo wanaoona hakuna la kujadili, kwa kuwa kwao muziki na mbio vyote ni burudani ya jioni. Kauli hii ya tatu ndiyo yenye madhara kuliko zote, maana ndiyo inayofanya vipindi vya somo hili viwe vya kwanza kumezwa na Hisabati mtihani unapokaribia.

Kwa muziki, hapa nazungumzia muziki wenye kanuni, unaosomewa kwa miaka na kufanywa kazi: taarabu asilia yenye udi, fidla, nai na ganuni; muziki wa okestra na bendi za matarumbeta; pamoja na ngoma na zumari za Pwani, ambazo zina mafundi wake na daraja zake za kuhitimu hata kama hazitoi cheti. Kwa michezo, nazungumzia ile ya kustahimili: mbio ndefu, kuogelea masafa na kupiga kafi.

Delta ina nini mkononi

Mjadala huu kwa kawaida huendeshwa kana kwamba Kibiti, wilaya ya delta ya Rufiji, haina kitu na inasubiri kuletewa. Hali halisi ni tofauti.

Mdundiko, ngoma maarufu kwa Wazaramo na kwa watu wa Pwani kwa jumla, ni ngoma inayotembea. Wapigaji hawakai chini. Wanazunguka mitaa kwa saa nyingi, ngoma zikiwa zimening'inia mabegani, na umati ukiwafuata nyuma. Mpiga zumari naye huvuta hewa kwa pua huku akiendelea kuisukuma kwa mashavu ili sauti isikatike, na ufundi huo huchukua miaka kuutawala. Katika vijiji vya delta, ambako Waislamu ni wengi, mtoto hukutana na dufu na kasida za maulidi kabla hajakutana na kitabu cha muziki.

Upande wa kustahimili, delta hii ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote ulioungana Afrika Mashariki. Katika visiwa na vijito vyake, mtumbwi ndio njia ya kwenda shule, shambani, zahanati na sokoni. Kijana wa Msala au Kiongoroni amepiga kafi na kusukuma pondo tangu mikono yake ilipopata nguvu. Hakuna aliyewahi kumwita mwanamichezo.

Kipo pia kitu cha tatu, nacho kinauma. Misitu ya miombo inayoanzia Rufiji na kushuka Kilwa hadi Lindi ndiyo makao ya mpingo. Watengenezaji wa klarineti na oboe duniani wameutegemea mti huu kwa vizazi, kwa sababu ni mgumu, mzito na hautikisiki kirahisi kwa unyevu wa pumzi. Okestra za Berlin, Vienna na London zinapuliza mti wetu. Mtoto wa Kibiti anaweza kumaliza shule bila kuishika klarineti hata mara moja.

Hoja ya kwanza: chagua moja

Wanaoshikilia hoja hii wana ushahidi mzito. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki cha Berlin. Waliokuwa bora zaidi walikuwa wamekusanya kwa wastani saa 10,000 hivi za mazoezi ya peke yao kufikia umri wa miaka 20. Upande wa pili, mkimbiaji wa marathoni wa kiwango cha dunia hukimbia kilomita 160 hadi 200 kwa wiki, na baada ya hapo anahitaji kulala, kula na kupumzika ili mwili uipokee kazi hiyo. Siku ina saa 24. Ukizijumlisha hesabu hizi mbili, kinachobaki hakitoshi shule wala kipato.

Wanamtaja pia mkimbiaji wa marathoni Alphonce Simbu. Alimaliza wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba London mwaka 2017, na ikamlazimu kungoja hadi Septemba 2025 huko Tokyo ndipo alipoipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilomita 42 na ushei. Miaka minane kutoka shaba hadi dhahabu, na pengo dogo namna hiyo mwishoni: nani angethubutu kumpunguzia saa moja ya mazoezi akapige udi?

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inaanza kuhesabu kutoka kileleni. Inamtazama Simbu wa miaka 33, kisha inampa mtoto wa miaka kumi ratiba ya mtu mzima. Hata wale wanafunzi wa Berlin hawakuwa wakijifungia chumbani kutwa. Walifanya mazoezi kwa vipande vifupi vyenye umakini, wakapumzika katikati, na waliokuwa bora walilala zaidi kuliko wenzao. Zaidi ya hapo, hoja inachukulia kwamba mtoto anajua mapema kipaji chake kikubwa ni kipi. Mtoto wa Maparoni ambaye hajawahi kuona kiwanja chenye njia za kukimbilia wala fidla yenye nyuzi kamili atachaguaje?

Hoja ya pili: vyote vinalishana

Hapa yupo shahidi mmoja anayestahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa alikuwa mwanamuziki wa kulipwa kweli na mstahimilivu kweli. Percy Grainger alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1882, akasomea piano Frankfurt, akawa mpigaji na mtunzi aliyejulikana Ulaya na Marekani hadi kifo chake mwaka 1961. Alipozunguka Afrika Kusini mwanzoni mwa karne iliyopita katika ziara ya mwimbaji Ada Crossley, wenzake walisafiri kati ya mji na mji kwa vyombo. Yeye mara nyingi alitembea na kukimbia. Wasifu wake husimulia safari ya zaidi ya kilomita 100 kati ya onyesho na onyesho, akifika kwa wakati na kupanda jukwaani. Magazeti yalimzoea kama mpiga piano anayekimbia.

Kabla yake, mwaka 1705, Johann Sebastian Bach akiwa kijana wa miaka 20 alitembea kutoka Arnstadt hadi Lübeck, karibu kilomita 400, ili amsikilize Buxtehude akipiga kinanda. Hiyo haikuwa riadha, lakini inakumbusha kwamba kwa sehemu kubwa ya historia mwanamuziki alikuwa mtu wa miguu.

Zipo pia hoja za mwili. Utafiti wa mwaka 1988 uliohusisha wanamuziki 2,212 wa okestra za Marekani ulionyesha kuwa asilimia 76 walikuwa na angalau tatizo moja la kiafya zito kiasi cha kuathiri upigaji wao. Mengi yalikuwa ya shingo, mabega, mgongo na mikono. Kupiga ala ni kazi ya mwili, na mwili usio na ustahimilivu huvunjika mapema. Watafiti wa Uingereza walipompima Clem Burke, mpiga ngoma wa bendi ya Blondie, waliona moyo wake jukwaani ukipiga wastani wa mara 140 hadi 150 kwa dakika na kupanda hadi 190. Hicho ni kiwango cha mtu aliye kwenye mbio. Sidhani kama mpiga mdundiko aliyezunguka mitaa tangu alasiri hadi usiku ana kazi nyepesi kuliko hiyo.

Hata hivyo hoja hii nayo ina mahali inapovuka mpaka. Kulishana kwa fani mbili hakuna uzito sawa pande zote. Mbio humsaidia mwanamuziki sana: mgongo wake unakaza, pumzi inatulia, hofu ya jukwaa inapungua. Muziki humsaidia mkimbiaji kidogo tu. Ufundi wa pumzi wa zumari unafundisha mashavu, midomo na utulivu, lakini hauongezi uwezo wa moyo na misuli kutumia oksijeni, na huo ndio unaoamua marathoni. Grainger mwenyewe alikuwa mpiga piano wa daraja la juu mwenye miguu ya ajabu. Hakuwa bingwa wa mbio. Anayemwambia mtoto kuwa zumari litamfanya awe Simbu anamdanganya.

Mkono, mguu na maji

Kuna jambo ambalo hoja zote mbili hulipita bila kuligusa: siyo kila jozi ya ala na mchezo inapatana, na kwa watu wa delta hapa ndipo penye uzito.

Kafi linafanya kazi kwa kiganja, kifundo cha mkono, mishipa ya mkono wa chini na bega. Udi, fidla na ganuni vinatumia sehemu zilezile, kwa namna laini zaidi. Kijana anayepiga kafi kwa kasi saa mbili kila alfajiri atakuja kwenye fidla na mkono uliokaza, malengelenge na vidole visivyosikia uzi. Akiendelea hivyo kwa miaka anajitafutia maumivu ya kudumu. Ngoma nazo zinagombea bega lilelile. Kwa upande mwingine, kafi linajenga kiwiliwili, tumbo na kifua, hivyo linakwenda vizuri na sauti ya kuimba na ala za kupuliza. Kijana wa kisiwani mwenye kafi na zumari ana jozi inayopatana. Mwenye kafi na fidla ana jozi inayopigana.

Mbio zinaiacha mikono huru. Mkimbiaji anaweza kuwa mpiga udi au ganuni bila fani moja kuiharibu nyingine, mradi apate muda wa kulala. Lakini mbio zinataka ardhi na hewa ya namna fulani, na hapo jiografia inaingia. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, alitoka Karatu. John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni, alitoka Mbulu. Simbu anatoka Singida. Wote ni watu wa nyanda za juu. Kibiti iko karibu na usawa wa bahari, kwenye joto lenye unyevu ambamo jasho halikauki na mwili haupoi. Kwenye vijito vya delta kuna tope la mikoko na maji kupwa na kujaa. Nchi kavu, lami ya kukimbilia ni barabara ya Kilwa yenyewe, inayobeba malori ya kwenda Lindi na Mtwara.

Haimaanishi kuwa mtu wa Pwani hawezi kukimbia. Maana yake ni kwamba Kibiti mjini, Bungu na Jaribu Mpakani zinaweza kulea wakimbiaji kwa mazoezi ya alfajiri na njia salama, ilhali Salale, Mbuchi na Msala zingefaidika zaidi na michezo ya majini. Afrika Kusini wanazo mbio za mitumbwi za Dusi, za takriban kilomita 120 kutoka Pietermaritzburg hadi Durban, tangu mwaka 1951, na vijana wa vijiji vilivyo kandokando ya njia ya mbio hizo wamekuja kuwa miongoni mwa washindi wake. Zanzibar na Mafia ngalawa hushindanishwa. Rufiji ina maji na ina wapiga kafi. Ina pia mamba na viboko, kwa hiyo mazoezi bila boti ya uangalizi na bila kuchagua kijito yangekuwa kuhatarisha maisha ya watoto.

Usalama wa nchi kavu nao usisahauliwe. Mauaji ya mwaka 2016 na 2017 yaliufanya mji wa Kibiti ujifungie mapema, na mkimbiaji hafanyi mazoezi mahali ambapo watu wanaogopa giza la alfajiri. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizifunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Kwa familia iliyopoteza mpunga wake, viatu vya mbio na nyuzi za fidla vinakuwa vitu vya mwisho kununuliwa.

Nani anawalipa

Swali la muda, likifuatwa hadi mwisho, linakuwa swali la mshahara. Tanzania ilikwisha kulijibu kwa namna yake. Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989, alikuwa ofisa wa jeshi. Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi (JWTZ). Majeshi hayohayo, pamoja na Polisi na Magereza, yamekuwa na bendi za matarumbeta na bendi za dansi tangu zamani. Wasikilizaji wa Mwenge Jazz na Polisi Jazz wanajua. Mwajiri mmoja anamlipa mkimbiaji akimbie na mpiga tarumbeta apige. Kwa kijana wa Kibiti asiye na mtaji, hii ndiyo njia iliyowafikisha wengi mbali.

Nguvu ya njia hii ni uhakika: chakula, matibabu, uwanja, ala, kocha. Udhaifu wake ni kwamba lango lake ni jembamba na haliko kwa ajili ya sanaa wala michezo. Tena ndani yake fani zimetenganishwa vilevile. Ukiingia kwa mbio, utakimbia. Ukiingia kwa tarumbeta, utapuliza.

Nje ya majeshi, umbali ndio unaoamua. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, iko katika mkoa uleule wa Pwani. Chuo cha Maendeleo ya Michezo kiko Malya, Mwanza. Mtoto wa Kibiti mwenye vipaji viwili atalazimika kuelekea kaskazini ya mkoa wake kwa kimoja, na kuvuka karibu nchi nzima kwa kingine. Anayetaka taarabu asilia ana chuo cha muziki cha Zanzibar, DCMA, ng'ambo ya bahari. Hakuna mahali hata pamoja ambapo kocha na mwalimu wa ala wanakaa meza moja na kuipanga wiki ya kijana mmoja.

Dunia haikuutenganisha uwanja na jukwaa siku zote. Kuanzia Stockholm mwaka 1912 hadi London mwaka 1948, Olimpiki ilitoa medali za muziki, ushairi, uchoraji, uchongaji na usanifu majengo. Mhungari Alfréd Hajós aliyeshinda kuogelea mwaka 1896 alirudi mwaka 1924 akapata medali ya usanifu. UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, zinabaki na chembe ya fikra hiyo, kwa kuwa kwaya na ngoma hushindanishwa kwenye kambi zilezile za riadha na mpira. Nalitazama hili kama hazina iliyosahaulika: kwa siku chache kila mwaka, mpiga ngoma na mkimbiaji wa wilaya moja wanalala bweni moja. Lakini mtoto mmoja anapotaka kuingia kote kuwili, ratiba humlazimisha achague.

Kwa wasichana mizani inaelemea zaidi. Mzazi mwenye moyo mweupe kwa kasida anaweza kuwa mzito kwa bukta na mbio za barabarani. Hapa muziki huwa ndio mlango unaofunguka kwanza. Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wa waimbaji katika kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam, kabla ya kuwakusanya wanawake kwa maelfu kuingia chama cha TANU mwaka 1955, na baadaye akawa mbunge wa Rufiji. Sauti iliyozoea kuimba mbele ya watu ndiyo iliyobeba mikutano ile. Anayesema muziki haumfikishi msichana wa Rufiji popote hajaisoma historia ya Rufiji.

Mizani inaelemea wapi

Nikizipima hoja hizi, naona wa hoja ya kwanza wana haki kuhusu mtu mzima na wa hoja ya pili wana haki kuhusu mtoto. Hadi miaka 15 au 16, hakuna sababu ya mwili wala ya akili ya kumnyima mtoto fani zote mbili, ilimradi jozi yake inapatana na anapata usingizi wa kutosha. Baada ya hapo, fani moja lazima iwe kazi na nyingine iwe msaidizi. Kwa wengi, ninavyoona, busara ni muziki uwe kazi na mbio ziwe msaidizi. Mkimbiaji ana miaka michache ya kilele, na kifundo kimoja cha mguu kinaweza kuifuta yote. Mpiga ganuni hupevuka akiwa na miaka 40 na anaweza kupiga na kufundisha akiwa na 70. Isipokuwa akitokea mwenye miguu kama ya Bayi. Huyo akimbie, muziki utamngoja.

Kuhusu somo moja lenye majina mawili, wazo la mtaala ni zuri na utekelezaji wake una hatari iliyo wazi. Mpira mmoja unawatosha watoto 40, lakini fidla moja inamtosha mmoja. Mwalimu mmoja asiye na ala atachukua njia iliyo wazi, na somo litageuka kuwa michezo peke yake. Shule za delta zingepata nafuu kama mpiga zumari, fundi ngoma na nahodha wa mtumbwi wa kijiji wangeruhusiwa kuingia darasani kwa posho, wakisimamiwa na mwalimu. Ujuzi wao uko hapohapo kijijini, tena hauhitaji kuagizwa.

Fedha za kuanzia nazo zinaweza kupatikana karibu. Vijiji vya Kilwa vyenye misitu yao vimekwisha kuonyesha kuwa mpingo ukivunwa kwa mpango huingiza mapato kijijini, na mapato hayo yakajenga vitu vya watu wote. Halmashauri za Kibiti na Rufiji zina uwezo wa kuamua kwamba sehemu ya ushuru wa magogo yanayopita kwao inunue klarineti za shule na maboya ya kuokolea kwa wapiga kafi. Uamuzi huo hausubiri mtaala mwingine. Unahitaji kikao kimoja cha madiwani na mstari mmoja katika bajeti.